Mwanachama wa Kawaida

Fomu ya kusajili kikundi ilirudi kwa mara ya pili, na safari hii Mwalimu Mkuu Ocokoru alikuwa ameikata kwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Chini yake alikuwa ameandika: "Hiki si kikundi. Hii ni serikali."

Candiru aliisoma akiwa amesimama nje ya ofisi. Alikuwa kidato cha tatu katika shule hiyo ya bweni, kando ya barabara itokayo Arua kwenda Koboko, na ndiye aliyeanzisha Ushirika wa Wanafunzi Wakristo. Ushirika ulikuwa na watu kumi na tisa, na wote kumi na tisa walikuwa viongozi. Mwenyekiti alikuwa Candiru mwenyewe. Gustave alikuwa katibu, na Phiona mkuu wa maombi. Alikuwepo msimamizi wa ngoma, na alikuwepo naibu wa msimamizi wa ngoma, ingawa ngoma yenyewe ilikuwa bado haijapatikana.

Kosa halikuwa la Candiru peke yake. Shuleni hapo kiongozi wa kikundi kilichosajiliwa huvaa beji, na mwenye beji hapangi foleni ya chakula. Huenda moja kwa moja kwenye sufuria, akapakuliwa posho ya ugali ingali moto na maharage yangali mazito. Wengine husubiri juani na kuambulia mchuzi. Kwa hiyo kila aliyealikwa katika Ushirika aliuliza kwanza cheo chake, ndipo akauliza habari za Mungu.

Sasa Mwalimu Mkuu alitaka jina la mwanachama wa kawaida. Mmoja alitosha, lakini alitakiwa kabla ya Ijumaa saa kumi. Jumamosi vikundi vya Kikristo vilivyosajiliwa vingekutana Arua, na Candiru alikuwa amepangiwa kuhubiri. Mama yake angekuja kutoka Dadamu kumsikiliza, na tayari alikuwa amewaambia majirani wote.

Candiru aliitisha mkutano. Alipendekeza, kwa upole, kwamba mmoja wao ajishushe kama Bwana alivyojishusha. Naibu wa msimamizi wa ngoma alijibu kwamba yeye aliitwa kwenye ngoma, na wito haukataliwi. Phiona alisema angeliombea jambo hilo. Alifumba macho papo hapo, na hakuyafumbua mpaka ajenda ilipobadilishwa.

Ndipo Gustave alipomtaja Natalina.

Natalina alikuwa msichana mrefu, mtulivu, ambaye wazazi wake walitoka Sudan Kusini na kuishi katika makazi ya wakimbizi ya Omugo. Hakuwa na beji, wala hakuonekana kuitamani. Hakuna aliyewahi kumwona akisukumana kwenye foleni ya chakula. Gustave aliona kwamba mtu mnyenyekevu kiasi hicho alikuwa amebakiza hatua moja tu kuingia mbinguni.

Kwa siku tatu Natalina hakupumzika. Walimwimbia nje ya dirisha la bweni. Walimwekea mikono kichwani alipokuwa akipiga mswaki. Gustave alimweleza habari za jehanamu kwa undani, kama mtu aliyekwenda huko wakati wa likizo. Natalina alisikiliza yote huku akiguguna hindi, akasema angefikiri.

"Ule mutu iko na roho nguvu," Gustave alimripotia mwenyekiti wake. "Hata moto hapana ogopa."

Alhamisi jioni Candiru alimfuata mwenyewe kwenye bomba la maji, ambako Natalina alikuwa akifua soksi. Hakuhubiri. Alimweleza habari za mkutano wa Arua, na za mama yake, ambaye alikuwa ameazima gauni jipya la gomesi kwa ajili ya siku hiyo.

Natalina aliacha kufua. Aliuliza kama mwanachama wa kawaida hulazimika kutoa ushuhuda. Candiru alisema hapana. Aliuliza kama hulazimika kuhudhuria.

"Ukipata nafasi," Candiru alisema, na aliona haya kidogo.

"Basi mimi iko tayari, mwenyekiti. Lakini nataka kitu moja. Kila Alhamisi, mutu ya beji aniletee chakula mimi nikikaa kwa kivuli."

"Alhamisi tu?"

"Alhamisi peke yake. Mimi si mutu ya tamaa."

Candiru aliguswa sana. Kati ya wote aliowaita katika Ushirika, huyu ndiye wa kwanza kuomba kitu kidogo. Aliahidi kwamba sahani hiyo angeibeba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya macho ya shule nzima. Natalina alijifuta mikono kwenye sketi, akatoa kalamu mfukoni, akapokea fomu mpya, akafunua ukurasa wa tatu bila kuelekezwa, akatia sahihi.

Ijumaa, saa tisa na nusu, Candiru aliiweka fomu juu ya meza ya Mwalimu Mkuu. Alibaki amesimama huku akiomba kimoyomoyo. Mwalimu Mkuu alisoma polepole, kifungu baada ya kifungu. Alipofika kwenye sahihi alivua miwani, akaivaa tena. Kisha alipiga mhuri.

Candiru alishukuru mara tatu na kunyoosha mkono aichukue. Mwalimu Mkuu hakumpa. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa mafaili ya vikundi vingine vyote vya shule. Aliyapanga mezani moja baada ya jingine, kila moja likiwa wazi kwenye ukurasa wa tatu: Waislamu, Wakatoliki, mdahalo, wakulima vijana, skauti, mpira wa miguu. Yalikuwa sita. Sahihi ilikuwa moja.

"Na wewe, binti," aliuliza, "Natalina alikupa siku gani?"