Lebo ya Paris

Mteja aliweka lebo iliyochakaa juu ya cherehani, kando ya wembe.

"Fundi, fumua jina lako hapo shingoni mwa gauni, ushone hii. Imetoka Paris."

Mokeira aliijua. Ilitoka kwenye gauni la kale, la miaka ile Wazungu walipomaliza vita na wanawake wao wakaanza kubana viuno na kuvaa sketi pana zilizomwagika. Mteja alilipata ndani ya robota la mitumba hapa soko la Daraja Mbili, limeoza, akamletea aige mtindo.

Hili jipya, jeusi, alilishona yeye kwa wiki tatu. Kiuno cha nyigu, sketi ya mita tisa, na mbavu alizozisimamisha kwa mikanda ya plastiki iliyofunga robota lilelile.

"Lakini nimelishona mimi, madam."

"Kwani nani Nairobi atavaa Mokeira wa Kisii? Wanataka nguo ya kale, ya Paris. Mafundi hapa ni wengi kuliko ndizi. Harakisha!"

Mokeira akashika wembe. Mteja akatabasamu, akainamia simu yake.

Wembe haukwenda shingoni. Ulizama kiunoni mwa gauni, ukafuata mshono polepole, kama unaochuna ngozi. Sketi yote ikaanguka matopeni. Mikanda ya manjano ikachomoza mbavuni.

"Wewe! Umefanya nini?"

Mokeira aliichukua lebo, akaikandamiza kiganjani mwa mteja.

"Paris yako hii hapa," alisema. "Haya, ivae."