Mgeni wa Kwenye Maboksi

Boksi la tano nalo lilikuwa tupu. Gosbert aliligeuza kwa vidole viwili, akabandua gundi ya kitako chake taratibu, akalilaza bapa kwenye sakafu ya stoo na kurudi nyuma hatua mbili. Jasho lilimchirizika mpaka kidevuni.

Mlangoni upande wa duka, mkewe Placida alisimama na mtoto mgongoni. Hakuwahi kuogopa namna hii tangu azaliwe. Aliyahesabu yaliyobaki: tisa.

Yeye ndiye aliyeleta habari. Asubuhi ile alitoka stoo mbio, mkono mdomoni, akamwambia mumewe kwamba mgeni ameingia katikati ya maboksi. Hakuhitaji kusema zaidi. Katika ukoo wa Gosbert nyoka ni muziro, mwiko wa ukoo mzima: hapigwi, hachomwi moto, wala hatajwi jina. Akiingia nyumbani huombwa atoke kwa hiari yake. Panga halisogezwi karibu naye. Na mwenye nyumba hampi kisogo mpaka auone mkia ukivuka kizingiti. Akimpa kisogo, mgeni atamfuata mpaka kitandani. Gosbert alikuwa Mkatoliki safi, hakosi misa, lakini mambo ya ukoo hakuyafanyia mzaha.

Maboksi yenyewe yalikuwa ya sabuni, viberiti na biskuti. Desturi yake ilikuwa kuyalaza bapa na kuyatandika chini ya magunia ya kahawa yasishike unyevu. Majuma mawili haya aliona uvivu, yakarundikana mpaka yakagusa boriti. Sasa alikuwa akiulipia uvivu wake.

"Mgeni wetu," alinong'ona mbele ya boksi la sita, "mlango wa uani uko wazi. Tunakuomba upite kwa amani."

Gosbert huyu, ambaye soko zima la Igurwa lilimpisha njia kwa kuziogopa ngumi zake, leo alikuwa akilibembeleza boksi la biskuti. Siku nyingine Placida angeuma midomo asicheke. Leo hakuwa na hata chembe ya kicheko.

La sita, tupu. La saba, tupu.

"Polepole, Baba Deodatha," Placida alisema. "Usimkere."

"Kwani nakimbia?"

Kila boksi lililolazwa lilimwongezea Placida hofu. Mkono wake wa kushoto, ulioumia Jumapili, ulimuuma hadi begani, naye akautumia wa kulia kumtuliza mtoto aliyeanza kujinyonganyonga mgongoni. Yakabaki matano.

Gosbert aliondoa jicho moja kwenye rundo, akamtupia. "Na wewe, gauni la kanisani siku ya Alhamisi?"

"Mengine yamelowa," Placida alijibu haraka. "Lile boksi la viberiti, umelitazama pembeni? Nadhani nimeona kitu kikitikisika."

Gosbert aliganda. Akafanya ishara ya msalaba, akapiga magoti, akaanza kuliomba boksi la viberiti upya, kwa Kiswahili kisha kwa Kinyambo, akitaja majina ya mababu mmoja mmoja. Placida aliyasikiliza majina yale. Aliomba mababu wawe wengi.

Lilikuwa tupu. Yakabaki manne, halafu matatu. Mungu wangu, Placida alijisemea, yanakwisha.

Ndipo ngurumo ikasikika kutoka mlimani upande wa Kyerwa, ikizama na kuibuka kwenye kona. Lilikuwa lori la kahawa la Cassian, lililopita pale mara moja kwa juma na kusimama dakika chache tu mbele ya duka. Kwa kawaida saa hizi Gosbert huwa barazani kwenye kiti chake, na hapakuwa na kuku aliyekatiza barabara asimwone.

"Lori hilo," Placida alisema.

Gosbert hakugeuza shingo. Macho yalikuwa yameng'ang'ania maboksi matatu ya mwisho. "Nenda wewe. Mwambie Cassian leo sina mzigo. Na usirudi humu mpaka nikuite, umesikia? Usije ukamshtua."

"Nimesikia, Baba Deodatha."

Alirudi kinyumenyume, kwa adabu yote ya ukoo, mpaka akaipita meza ya duka. Akatoka nje. Badala ya kwenda barabarani alikatiza kibanjani, kwenye shamba lao la migomba, akainama kwenye shina la mgomba wa tatu na kufukua kutoka kwenye majani makavu furushi alilolificha tangu jana jioni. Kisha akakimbia.

Cassian alikuwa ameegemea dirisha la lori, injini ikiunguruma. Alilitazama furushi, akautazama ule mkono.

"Mzee yuko wapi leo? Sijamwona barazani."

"Yuko stoo. Ana mgeni."

"Mgeni gani huyo wa kumfungia ndani saa nne ya asubuhi?"

Placida alipanda, akampakata mtoto, akauvuta mlango kwa mkono wake mzima mpaka ukajifunga.

"Hakuna mgeni yeyote," alisema. "Ondoa gari."