Komeo Lililovimba

Kwach! Kisha giza.

Taa ya chumba cha baridi huzimika mlango ukifungwa, kwa hiyo fundi aliusikia mlango kabla hajajua kwamba umemfungia. Akapapasa mpaka akakipata kichwa cha komeo, kile anachosukuma mtu aliye ndani. Akasukuma. Hakikusogea. Kilimuuma vidole kwa baridi, kikang'ang'ania ngozi.

"Dada! Nifungulie!"

"Si ndiyo nafungua!" Sauti ya dada yake ilipenya kwa mbali, nyembamba, inatetemeka. Kikasikika kishindo cha bega mlangoni, kisha kingine. "Halivutiki! Umelifanya nini komeo hili?"

Swali lile lilimwingia mbavuni kuliko baridi.

Komeo lilikuwa la mkono wake. Asubuhi dada alimwambia amefunga moja kwenye mlango huo, ili alijaribu kabla lori halijaja kuchukua mzigo wa mengine. Karakana yao, waliyoachiwa na mama, hutengeneza makomeo ya vyumba vya baridi. Chuma hugandana na ngozi ya mtu. Plastiki haigandani, lakini baridi huisinyaza, komeo likalegea na mlango ukaachia. Ndiyo maana ndugu hao huichanganya na unga wenye tabia ya kinyume: baridi huutanusha, joto huusinyaza. Huyu akivuta huku, yule akivuta kule, komeo linabaki vilevile. Mradi unga usizidi.

Na mama aliacha sheria moja: aliyechanganya hapimi, hupima mwenzake. Ila juma lililopita dada alilala na homa, na mdogo mtu akachanganya, akapima mwenyewe.

"Maji ya moto!" alipaza sauti. "Chemsha birika, ulimwagie!"

"Ya nini? Maji ya moto yatafaa kama unga umezidi. Na haukuzidi. Si ulipima, ukaniambia liko sawa?"

Meno yalianza kugongana. Alikuwa na shati tupu. Koti nene lilikuwa limetundikwa nje. "Ruka tu uniletee ile sampuli," dada alikuwa amemwambia, "koti la nini, ni kufumba na kufumbua."

Huko nje injini ya lori ikanguruma.

"Dada, chemsha maji!"

"Nitachemsha. Lakini niambie kwanza nahangaika na kitu gani. Kama si unga, basi ni tundu la mlango, niende nikatafute tindo. Nikikosea tutapoteza muda, na wewe huna muda, mdogo wangu. Unga au tundu?"

Alijaribu kusukuma tena, safari hii kwa viganja viwili. Viganja havikuwa vyake tena. Pumzi ilimtoka vipande vipande.

"Unga," alisema.

"Sema kwa nguvu! Mlango mnene huu!"

"Unga! Ulizidi! Nilipima, likavimba. Unywele tu, dada. Nikasema litapita."

Bega likaacha kugonga mlango.

"Ulijua," dada akasema hatimaye.

"Nilijua."

"Na ukanitazama usoni, chai yangu mkononi, ukaniambia sawa."

"Nilitaka mara moja tu komeo lipite bila wewe kulishika! Kila likitoka hapa watu wanasema kazi ya dada yake. Mara moja tu!"

Akasikia maji yakimiminwa. Akabandika sikio mlangoni, akangoja mlio wa komeo kulegea. Hakuna. Akajikuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango, na cha ajabu, baridi haikumuuma tena. Alijua maana yake. Kila anayefanya kazi na vyumba hivi anajua maana yake.

Lori likanguruma tena, kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo akaona, katika giza lile, milango mingine: maghala ambako watu huingia na kutoka kutwa nzima, na kila mlango una komeo lake.

"Dada!" alipiga ngumi. "Niache mimi! Kimbia, zuia lori kwanza! Mzigo usiondoke! Watafungiwa watu, wasio na wa kuwachemshia maji! Niache, nakuambia, kimbilia lori!"

Mlango ukafunguka.

Ulifunguka kwa wepisi, hata haukulia, naye akaangukia mgongo kwenye mwanga. Akiwa pale chini, aliona kwanza dereva, ameketi juu ya maboksi ambayo hayajapakiwa hata moja, anapuliza chai katika kikombe, na birika liko miguuni pake. Kisha akamwona dada yake. Macho yalikuwa mekundu. Mkono mmoja ulishika spana iliyokuwa imelibana komeo, aliyoichomoa sasa hivi mlangoni. Wa pili ulikuwa ukilisukuma komeo nyuma na mbele, komeo la zamani la chuma, lililomo humo tangu enzi za mama.

Alimfunika koti, akamfunga vifungo hadi kidevuni kama mtoto.

"Safari nyingine ukinificha kipimo," alisema, "nakuahidi, mdogo wangu, nitakufungia kwa lako."