Tangazo la Tunu

Kabla ya alfajiri simu ilitetemeka juu ya mfuniko wa sufuria. Lilikuwa tangazo la kiwanda alikoajiriwa mjukuu wangu Tunu: yeye mwenyewe akitabasamu, akiniomba nipakue programu yao. Ukishapakua, tangazo halirudi tena. Kwa hiyo kila siku nilimtazama tu, kisha nikalifunga.

Kulipokucha Tunu mwenyewe akabisha hodi, amebeba sukari.

“Mbona ulinitupa hivyo, mwanangu, muda wote huu bila kuja?” nikamuuliza.

“Sikukutupa, bibi. Ndugu akitazama asipakue, gharama ya tangazo wanaikata kwenye siku zetu za likizo; mimi nimebakiwa na leo tu. Nilikuwa naona unavyonitazama. Sikutaka kukunyima, ndiyo maana sikukueleza.”

Nilishindwa kumtazama usoni. Nilipakua pale pale, na tabasamu lake likatoweka kwenye simu.

“Uje tena, Tunu,” nikamwambia. “Sasa sina pengine pa kukuona.”