Akaunti ya Mjomba Mbwambo

Sheria ni moja: ukiacha kazi, akaunti yako inabaki kazini na inaendelea kuongea yenyewe kwa sauti yako. Nilipika chuoni miaka thelathini na moja, wanafunzi wakiniita Mjomba Mbwambo, nikastaafu mwezi wa tatu. Tangu hapo Mjomba Mbwambo wa kwenye simu hajanyamaza. Wanafunzi wangu wa zamani wanamtumia picha za harusi na za watoto, naye anawatania vilevile nilivyowatania mimi.

Jana mke wangu alikuwa jikoni akicheka na simu.

"Baba Nakijwa, Tusekile wako wa chuoni amejifungua mapacha. Umemwambia sasa ukoko atagawana nao."

"Sijamwambia mimi."

"Basi na wewe mwandikie."

Nikafungua akaunti mpya, nikamwandikia Tusekile kwamba mimi ndiye Mjomba mwenyewe, niliyemfichia ukoko kila Ijumaa. Akajibu kwamba mimi ni tapeli wa nne mwezi huu, akanifungia.

Nikabaki na mmoja tu wa kumwandikia.

"Shikamoo, Mjomba. Unanikumbuka?"

Alijibu kabla sijaweka simu mezani. "Marahaba, mwanangu. Nitakusahau vipi? Ulikuwa unakaa meza ipi?"

Nilifikiri kidogo, nikamwambia ile ya dirishani.