Paka wa Msellem

Mmoja wa paka wa Msellem, wa miezi sita tu, mwenye manyoya marefu ya ukoo wake, aliamka akichechemea, viungo vya miguu ya nyuma vimevimba. Msellem, muuza paka wa aina hiyo, alimkamata kwa miguu hiyo hiyo ili ambamize ukutani.

"Wateja wakimwona huyu, nani atataka ndugu zake?"

"Muache, Baba Salha! Anaumwa tu," alilia mkewe, Mwanamkasi.

Kiwiko cha mumewe kikampasua mdomo. Miaka yote alikuwa akijifuta damu na kunyamaza. Safari hii alinyakua mchi, akampiga nao gotini mpaka mfupa ukaalika. Msellem alianguka akipiga mayowe, paka akamponyoka.

Mwanamkasi alimfunga paka ndani ya kanga, akatoka mbio hadi njia panda. Hapo akasimama, moyo wa paka ukimdunda kifuani.