Alhamisi, Saa Kumi na Mbili

Orfelina amewaapia wanawake wa dukani kwamba Yasna, yule binti wa zahanati, ana bwana wa kwenye simu. Kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni hujipaka rangi nyekundu mdomoni, akajifungia, akaongea saa nzima. "Na huyo bwana hajibu hata kwa kikohozi," akasema. "Nimetega sikio kwenye ukuta tunaopakana mpaka likafa ganzi. Kapenda gogo."

Habari zikamfikia Yasna, akaendelea na kazi yake. Kisiwa kizima ni yeye peke yake anayewafundisha wagonjwa kusema na kumeza upya. Mwenye kazi kama yake aliye karibu zaidi yuko ng'ambo, safari ya kivuko na siku nzima barabarani. Jumatatu wakubwa wa zahanati walimletea fomu ya kujaza. Nani anakusimamia? Nani mkongwe unayemwuliza? Wenzako wa kushauriana ni akina nani? Kote aliandika jina moja: mwalimu wake wa chuoni, Graciela Oyarzo, kila Alhamisi, kwa muda wa saa nzima.

Alhamisi hii mchana Orfelina akaja mwenyewe, utani kauacha nyumbani. Mumewe, Eleodoro, mwenye maradhi ya kutetemeka, kila akinywa hupaliwa, na kifua kimeanza kukoroma. Lakini analilia mchuzi wake wa kome wa baharini.

"Mwanangu, nimpe au nimnyime? Sema wewe, mimi nitafuata."

Yasna akaomba apewe hadi kesho. Mchuzi ukiingia mapafuni utamuua mzee. Akinyimwa, amebakiwa na nini tena? Jambo zito namna hiyo hajawahi kuliamua peke yake.

Saa ilipofika alijipaka rangi, akachochea kuni, akapiga. Graciela akatokea kwenye kioo cha simu, na shali yake ya kijivu. Yasna akamweleza yote: kupaliwa, sauti yenye majimaji, kifua. Mwalimu akamtazama kwa macho yaleyale ya chuoni, ya kumngoja mwanafunzi ahangaike mpaka alipate jibu mwenyewe.

"Ungekuwa wewe, mwalimu, ungempa?"

Mvua ikapiga bati. Yasna akangoja, akangoja tena.

Kisha binti wa Graciela akaingia, akamfuta mama yake udenda kwenye pembe ya mdomo iliyopooza tangu kiharusi, akamwelekeza uso kwenye simu. Yasna akashusha pumzi, akainua kadi yenye picha ya mkate.

"Haya, mwalimu wangu, tuanzie pale pa wiki jana. Hiki ni nini?"